Mwanangu haoni tofauti kwenye picha za chemsha bongo, nimfundishe kwa michezo gani?

BintiFundi
Wakuu, habari za jioni. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7, yuko darasa la kwanza. Kuhesabu hodari, kusoma anasoma, ila kwenye kuangalia vitu kwa makini yuko nyuma sana. Tunacho kile kitabu cha picha mbili zinazofanana, unatafuta tofauti kumi. Mdogo wake wa miaka 5 anazimaliza zote, yeye anaishia njiani na kusema "zimeisha". Mwalimu naye ameandika kwenye daftari lake: "Hayuko makini." Naomba mnitajie michezo ya kunoa macho ya mtoto, ya bei nafuu, ya kuchezea nyumbani. Nina wasiwasi mwenzenu, usingizi sipati.

KeteMkononi
Pole dada. Mnunulie bao. Mimi babu alinikalisha barazani nikiwa mdogo kuliko huyo wako. Mashimo 32, kete 64, unaanza na 22 mkononi, shimo maalumu liitwalo nyumba lina sita. Mwezi wa kwanza niliruhusiwa kutazama tu, kugusa marufuku. Babu akigeuka kupokea kahawa nilikuwa nachomoa kete moja, na kabla hajakaa sawa anasema, "Rudisha." Macho ya mzee yule hayakutoka kwenye vitabu vya picha.

MwalimuWaAwali
Anza na sinia. Weka vitu kumi: kijiko, funguo, kizibo cha soda, kitana, limau, chochote kilichopo. Atazame kwa nusu dakika, funika na kanga, ondoa kimoja, funua. Akizoea, usiondoe kitu, geuza tu kijiko kielekee upande mwingine. Hapo ndipo kazi ilipo. Kisha badilishaneni, yeye afiche wewe utafute, kwa sababu anayeficha analazimika kufikiria jicho la mwenzake litapita wapi. Dakika kumi kwa siku zinatosha, akichoka acha.

Ila niambie: hizo tofauti anazokosa ni za namna gani? Idadi, ukubwa, mahali kitu kilipo, au nini?

BabaMlezi
Simu! Mnawapa watoto simu na katuni tangu asubuhi, halafu mnashangaa hawaoni. Sisi tulicheza kombolela mpaka giza linaingia, mtu unatambua mguu wa mwenzako nyuma ya pipa. Mcheni Mungu, leeni watoto.

KondaMstaafu
Wangu niliwafundishia kituoni hapa Dar. Daladala ikiwa bado mbali, wakisoma rangi ya mstari ubavuni wanataja inakoenda kabla maandishi hayajasomeka. Anayekosea anabeba kapu la mama. Nimefanya kazi ya ukonda miaka 14, nawaambia hakuna shule ya macho kama kituo cha mabasi.

BintiFundi
Asanteni sana. BabaMlezi, simu hagusi, yangu yenyewe ni ya tochi, hapa naandikia ya shangazi yake. Mchezo wa sinia tumeucheza jana na leo, na nimeshangaa, amepata mara tisa kati ya kumi. Kijiko nimekigeuza kidogo tu, kakiona. Wa daladala ndio usiseme. Mistari anachanganya kabisa, mara tatu nusura tupande gari lisilo letu. Ila maandishi ya mbele anayasoma kabla yangu.

Lakini jamani, nimeshalipa nusu ya ada ya twisheni ya jioni, kuna mwalimu ana mazoezi ya picha. Na nimemzuia kutoka nje mpaka amalize kurasa tano kila siku. Naona nisirudi nyuma, nitakuwa nimemdekeza.

MwalimuWaAwali
Dada, swali langu hujalijibu.

BintiFundi
Sikuona kama lina uzito. Anapata saba, siku nyingine nane. Anazokosa mara nyingi ni za rangi. Huku ua jekundu, kule la kahawia, yeye anasema ni sawasawa. Lakini rangi anazijua! Muulize nyasi, atasema kijani. Muulize damu, atasema nyekundu. Ndiyo maana nikasema huyu ni mvivu wa kutazama.

Na niseme ukweli, Jumamosi nilimchapa. Nilimtuma gengeni akachague nyanya sita zilizoiva, akarudi na mbichi tatu. Nikajua ananifanyia makusudi. Msinihukumu, na mimi nililelewa hivyohivyo na nimekua.

MamaPacha
Umemchapa kwa ajili ya nyanya? Ee Mola. Wangu mmoja alikuwa hasikii sikio la kushoto, nikamwita mkaidi mwaka mzima. Mpaka leo akigeuza kichwa ili anisikie, moyo unaniuma. Nakuomba dada, weka hiyo fimbo chini.

BabaMlezi
Mimi fimbo haikuniua. Tusiige mambo ya watu.

ShahidiWaMacho
Wadau, hii ni chai. Mwanzo mtoto "yuko nyuma sana" kwa kuangalia, sasa kijiko kikigeuzwa kidogo anakiona na maandishi ya daladala anayasoma kabla ya mama yake. Mleta mada amejiunga juzi. Kesho utasikia anauza kitabu cha michezo.

KondaMstaafu
Hata mimi nimeanza kusita. Mtoto anayejua nyasi ni kijani anashindwaje nyanya?

MwalimuWaAwali
Anajua nyasi ni kijani kwa sababu aliambiwa, kama wewe ulivyoambiwa dunia ni mviringo. Nyanya sita mkononi hakuna anayemnong'oneza. Huko hakuna uvivu. Kuna watu, wengi wao wanaume, ambao jicho halitenganishi vizuri nyekundu, kijani na kahawia. Hali hiyo inaitwa upofu wa rangi, ingawa wengi wao rangi nyingine wanaziona. Akili ni nzima, na maumbo anayaona vizuri, ndiyo maana sinia limemkubali.

Kipimo kipo tangu 1917, alikitengeneza daktari Mjapani, Shinobu Ishihara. Ni kurasa za nukta za rangi, na ndani yake imefichwa namba. Ukurasa wa kwanza una 12 na kila mtu anaiona. Zinazofuata ndizo zinazotenganisha watu. Nayo ni chemsha bongo ya picha, ila hakuna mazoezi wala twisheni ya kukufanya uione namba usiyoiona.

Tena mtoto wa kiume huirithi hali hii kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe anaona rangi zote. Kwenu upande wako hakuna mwanaume wa namna hiyo? Baba yako?

BintiFundi
Nimekaa na hili swali tangu mchana.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Mama ndiye aliyempangia nyuzi kila asubuhi. Siku mama akisafiri, baba hakushona nguo za rangi, alishona kaptula nyeupe za shule tu. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi yao.

ShahidiWaMacho
Fundi cherehani asiyeona rangi? Chai sasa imetiwa tangawizi.

MamaPacha
Iwe chai, iwe kweli, kuna mama atausoma uzi huu ana fimbo mkononi. Muache aseme.

BintiFundi
Nimeshusha kopo la nyuzi la baba. Sijalifungua tangu msiba. Kila uzi una kipande cha plasta chini, mwandiko wa mama: kijani, kahawia, nyekundu, damu ya mzee. Nilijua lina nyuzi. Plasta sikuwahi kuzitazama.

Nikaweka nyuzi nane mkekani, plasta zimelalia chini, nikamwambia atafute zinazofanana. Njano na bluu alizipanga bila shida. Halafu akachukua kijani na kahawia, akaziweka pamoja taratibu, akanitazama usoni kama anasubiri kofi. Nikamwambia azigeuze asome. Akasoma moja, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Kisha akauliza, "Mama, bibi alijuaje kwamba sitaona?"

Jumatatu tunakwenda kliniki ya macho. Ada ya twisheni wamekataa kurudisha, na bado inaniuma, sitadanganya. Kitabu cha picha anacho mdogo wake. Mwalimu wa shule nitamwandikia barua, nisaidieni maneno.

ShahidiWaMacho
Weka picha ya kopo.

MwalimuWaAwali
Njoo faraghani tuiandike barua pamoja. Omba na rangi zake za shuleni ziandikwe majina ubavuni, kama alivyofanya bibi yake.

KeteMkononi
Dada, lile bao ulinunua? Kete zote rangi moja.