Tupeane uzoefu: Ugenini tufumbe jicho au tulivunje?

Mleta mada
Ndugu zangu, methali ya wenye chongo husemwa kwa namna mbili: wapo wanaosema ukienda kwao fumba lako jicho, na wapo wanaosema livunje. Kwa msafiri tofauti ya vitenzi hivyo ni kubwa, kwa sababu jicho lililofumbwa hufumbuliwa siku ya kurudi, ilhali lililovunjwa ndilo limekwenda. Naomba kila aliyewahi kukaa katika nchi za watu aeleze ni lini alifumba na ni lini alikataa.

Naanza na yangu. Katika hekalu moja mjini Bangkok niliketi sakafuni nikiwa nimenyoosha miguu kuelekea sanamu ya Buddha, bila kujua kwamba kwa Wathai kichwa ndicho chenye heshima na nyayo ndizo za chini kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu hakusema neno. Aligonga goti lake kwa vidole viwili, akaikunja miguu yake polepole na kuipeleka nyuma, kisha akanitazama hadi nilipofanya kama yeye, ndipo akarudi kwenye sala zake. Tangu hapo, kila wimbo wa taifa ulipopigwa stesheni saa 2 asubuhi au saa 12 jioni, nilisimama tuli pamoja na wenyeji, wala sikuona kwamba nimepungukiwa na chochote.

Mchangiaji wa kwanza
Nilifika Uluru, Australia, Septemba 2019, wiki chache kabla ya njia ya kuupanda mwamba ule kufungwa tarehe 26 Oktoba. Waanangu, wenye ardhi hiyo, ambao walirudishiwa hati yake tarehe kama hiyo mwaka 1985, walikuwa wameomba kwa miaka mingi wageni wasipande, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu, na kwa kuwa mgeni akifia pale msiba huo huwaelemea wao. Ombi lenyewe lilikuwa kwenye kibao mwanzoni mwa njia, na watu walikuwa wamepanga foleni mbele ya kibao hicho hicho ili wawahi kabla ya katazo. Mimi niliuzunguka mwamba kwa miguu, mwendo wa kilomita 10 hivi. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ilibidi tukatazwe jambo ambalo tulikwisha kuombwa kwa upole.

Mchangiaji wa pili
Nakubali, ila tutenganishe sheria na mila. Nilipokuwa Tehran nilifunika nywele kwa kuwa sheria ilinilazimu, na kulazimishwa huko siwezi kukuita heshima, maana wapo wanawake wa huko huko walioadhibiwa kwa kuipinga. Lakini wana adabu yao iitwayo taarof, ambayo hakuna aliyenishurutisha nayo. Nilipomuuliza dereva wa teksi nauli, alijibu kwamba si kitu, nami nikashukuru, nikashuka. Alibaki ameketi, mikono juu ya usukani, akinitazama kwa haya ambayo sikuielewa, mpaka mpita njia mmoja aliponieleza kwamba inampasa abiria asisitize kulipa, mara ya pili na hata ya tatu. Nilirudi, nikasisitiza, naye akapokea huku ameweka mkono kifuani. Hiyo nilijifunza kwa moyo mmoja.

Mchangiaji wa tatu
Mimi ni katika waliokataa. Mwenyeji wangu mjini Madrid alininunulia tiketi ya mapigano ya fahali katika uwanja wa Las Ventas, nami siwezi kuketi nikitazama mnyama akiuawa huku watu wakishangilia. Nilimwambia mapema, tukiwa wawili tu, bila kuitukana mila yake, nikaomba tuonane jioni. Alikunja uso, kisha akasema kwamba hata binti yake hajakanyaga uwanjani hapo tangu awe mtu mzima. Ndipo nikaelewa kwamba nilichokiita mila ya Wahispania ni jambo wanalogombania wao wenyewe: Bunge la jimbo la Katalunya lililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama ya Katiba ya Hispania ikalitengua katazo hilo mwaka 2016. Tunapoambiwa tufuate mila za wenyeji, tuulize pia ni wenyeji gani.

Mleta mada
Ahsante, ndugu yangu. Hilo la wenyeji gani sikuwa nimelifikiria. Je, yupo aliyekataa kama hivyo na urafiki ukavunjika? Tungependa kusikia alivyosema na alivyojibiwa.