Rockabilly na garage kwenye santuri: toleo la kwanza au toleo jipya, mono au stereo?

Mpenzi wa Santuri (Arusha) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu. Mimi ni mpenzi wa rock'n'roll ya Marekani ya miaka ya 1950, hasa mtindo wa rockabilly, yaani rock'n'roll iliyochanganywa na country, uliovuma kutoka Memphis, pamoja na muziki wa garage uliopigwa na bendi za vijana katika miaka ya 1960. Nilianza kwa kusikiliza kwenye simu, lakini tangu marehemu baba mdogo aniachie gramafoni yake na kabati la santuri za dansi, nimetamani kuusikia muziki huu kwenye chombo uliotengenezewa.

Dada yangu anaishi Marekani na anatarajia kuja nyumbani mwezi wa Desemba. Amekubali kuniletea santuri, ila nafasi katika sanduku lake ni finyu na fedha yangu si nyingi, kwa hiyo siwezi kuagiza kila ninachokitamani. Nimeona kwamba toleo la kwanza la sahani ya kwanza ya Elvis Presley, ile ya Sun Records yenye namba 209, linaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki, wakati nyimbo hizohizo zinapatikana kwenye albamu mpya kwa bei ambayo hata mimi naimudu. Je, anayekosa toleo la kwanza anakosa nini hasa? Aidha, nimeona albamu za Elvis za mwanzo zilizoandikwa stereo, yaani sauti ya njia mbili, ilhali ninavyofahamu nyimbo zile zilirekodiwa kwa mono, yaani njia moja, imewezekanaje? Na kwa upande wa garage, ambako majina ya bendi ni mengi na mengi yake siyajui, nianzie wapi?

Mwangwi (Nairobi) anajibu:

Ndugu Mpenzi wa Santuri, pole kwa kumpoteza baba mdogo, na hongera kwa urithi huo.

Kabla ya kuzungumzia bei, tukubaliane kwanza tunatafuta nini katika muziki huu. Tarehe 5 Julai 1954, katika studio ndogo ya Sam Phillips, mwenye Sun Records, iliyoko namba 706 Union Avenue, Memphis, wapigaji walikuwa watatu tu: Elvis aliyeimba huku akipiga gitaa kavu, Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, na Bill Black kwenye besi kubwa la kusimama. Drams hazikuwapo. Msikilize Bill Black na utagundua kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi ya drams, kwa maana anauvuta uzi wa besi na kuuachia ugonge ubao, kisha anaupiga kwa kiganja, na mlio huo mkavu ndio unaousukuma wimbo mbele. Juu yake Phillips aliweka mwangwi mfupi alioupata kwa mashine mbili za utepe, ambapo sauti ilirekodiwa na mashine ya pili, ikasomwa papo hapo ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha ikachanganywa tena na sauti halisi. Ukigeuza sahani na kusikiliza "Blue Moon of Kentucky", mwangwi huo unausikia waziwazi.

Kitu cha pili ni mngurumo wa vyombo vilivyoharibika. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilifika katika studio hiyohiyo ikiwa na amplifaya iliyoumia njiani. Phillips akaijaza karatasi spika yake na kuendelea kurekodi, na ule mkwaruzo unaosikika katika "Rocket 88" umetokana na spika hiyo. Mwaka 1958 Link Wray alizitoboa spika zake kwa makusudi ili apate sauti ya "Rumble", wimbo usio na neno hata moja, ambao hata hivyo baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuupiga. Baadaye, mwishoni mwa mwaka 1964, The Sonics wa mji wa Tacoma, jimbo la Washington, walitoa "The Witch", ambamo sakisafoni, gitaa na sauti ya mwimbaji vyote vinasikika kana kwamba vimezidiwa na mashine inayovirekodi. Kwangu mimi huu ni ukoo mmoja, kuanzia Memphis hadi Tacoma, na ndiyo sababu rafu yangu haitenganishi rockabilly na garage.

Kwa hiyo kipimo changu si umri wa santuri, bali ni kama aliyeitengeneza ameiacha sauti hiyo ilivyo. Toleo jipya lililotokana na utepe asilia wa mono ninalipokea kwa mikono miwili. Toleo lililosafishwa hadi mkwaruzo ukatoweka, mwangwi ukapungua na besi la Bill Black likavimba silihitaji, hata likiwa na jalada zuri namna gani. Kampuni ninazoziamini kwa kazi hii ni Ace ya London, Bear Family ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1975, na Norton ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1986. Mtaje mwimbaji wa rockabilly kama Charlie Feathers au Johnny Burnette na kundi lake la watu watatu, na utakuta watu wa kampuni hizi wamekwisha kupekua maghala ya utepe kwa ajili yako.

Kuhusu garage, elewa kwamba bendi nyingi hazikuwahi kurekodi albamu hata moja. Vijana walikusanyika, wakarekodi nyimbo mbili, wakachapisha sahani chache za kuuza mjini kwao, kisha wakatawanyika kwenda vyuoni au jeshini. Kwa sababu hiyo mlango wa kuingilia ni mikusanyiko. Anza na "Nuggets", albamu ya santuri mbili yenye nyimbo 27 iliyopangwa na Lenny Kaye na kutolewa na kampuni ya Elektra mwaka 1972. Ukiizoea, tafuta mfululizo wa "Back from the Grave" ulioanza kutolewa na kampuni ya Crypt mwaka 1983. Huko utakutana na bendi zenye sauti kali zaidi, ambazo nyingi hazikupata kuvuma nje ya wilaya zao, na binafsi ndizo ninazozipenda kupita zote.

Sindano (Mombasa) anajibu:

Nakubaliana na Ndugu Mwangwi kwa mengi, lakini sikubali kwamba toleo la kwanza liwekwe kando kabisa. Muziki huu ulikusudiwa kwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na sahani hizo zilichongwa kwa sauti ya juu ili zisikike kwenye mashine za muziki zilizokuwa baani, katikati ya kelele za watu. Nafasi ya mfuo, yaani mchirizi unaofuatwa na sindano, ni kubwa na wimbo ni mmoja tu kila upande. Santuri kubwa yenye nyimbo saba au nane kila upande haiwezi kuchongwa kwa nguvu ileile, hasa wimbo wa mwisho ulio karibu na lebo.

Si lazima ununue zile zinazogombaniwa na matajiri. "Whole Lot of Shakin' Going On" ya Jerry Lee Lewis, Sun namba 267 ya mwaka 1957, iliuzwa kwa wingi mno, kwa hiyo nakala halisi iliyotumika bado inapatikana kwa bei ya kawaida. Vivyo hivyo "Louie Louie" ya The Kingsmen ya mwaka 1963. Wakusanyaji hugombea ile ya kampuni ya Jerden iliyotoka kwanza, lakini ya kampuni ya Wand, iliyosambazwa nchi nzima, ni rahisi na ina rekodi ileile. Baada ya kipande cha gitaa, msikilize mwimbaji akianza ubeti kabla ya wakati wake, akanyamaza, na mpiga drams akaliziba pengo kwa mapigo ya haraka. Waliiacha hivyohivyo, na shirika la upelelezi la FBI likaja kuuchunguza wimbo huo kwa kudhaniwa kwamba una maneno machafu, kumbe maneno yenyewe hayakuweza kusikika vizuri.

Mwambie dada aitazame sahani kwenye mwanga kabla ya kulipa. Sahani za Sun zilizochapishwa Memphis kwa kawaida huwa na alama tatu za mviringo zilizobonyea kwenye lebo. Zile zilizochapishwa Los Angeles na kiwanda cha Monarch huwa na pembetatu ndogo na namba, zilizokwaruzwa kwenye sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hizi nazo ni halali, lakini nyingi zilitengenezwa kwa polistireni badala ya vinili, na polistireni huliwa haraka na sindano iliyochakaa. Ikiwa mifuo imegeuka kijivu, aiache hata kama bei inavutia.

Sasa stereo. Albamu ya kwanza ya Elvis ilitolewa na kampuni ya RCA mwaka 1956 ikiwa mono, namba LPM-1254, na ndani yake mna nyimbo tano ambazo Phillips alizirekodi na hazikuwa zimetolewa. Mwaka 1962 RCA waliitoa tena kwa namba LSP-1254(e). Hawakuwa na utepe wowote wa stereo. Walichukua mono ileile, wakaigawa kwa njia za kielektroniki ili upande mmoja usikike tofauti na mwingine. Matokeo yake mwimbaji hana mahali pa kusimama na mwangwi wa Phillips unavurugika. Ukiona "LSP" na "(e)" kwenye albamu ya Elvis ya miaka ya 1950, irudishe rafuni.

Mpenzi wa Santuri anaandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Sahani ndogo za Kimarekani ninazoziona pichani zina tundu kubwa katikati. Je, zitakaa kwenye gramafoni yangu? Na je, ninunue sahani za mizunguko 78, maana Sun walizitoa pia?

Kipanga Santuri (Dar es Salaam) anajibu:

Tundu hilo ni la inchi moja na nusu, na linahitaji kipande kidogo cha plastiki cha kuweka katikati. Mwombe dada anunue vichache, kwani ni vyepesi na hapa kwetu ni vya kubahatisha. Sahani za 78 ziache kwa sasa. Zina mfuo mpana unaohitaji sindano yake, huvunjika zikidondoka, na usithubutu kuzisafisha kwa spiriti kwa sababu huyeyusha shelaki, ambayo ndiyo zimetengenezwa kwayo.

Kama gramafoni au amplifaya yako ina kitufe cha mono, kitumie kwa santuri zote za miaka ya 1950. Mfuo wa mono huitikisa sindano kushoto na kulia tu, kwa hiyo chochote ambacho kichwa cha stereo, kile kinachoshika sindano, hukisoma kwa juu na chini ni vumbi na uchakavu, na kitufe hicho hukiondoa. Utashangaa besi linavyotulia.

Nina ombi moja pia. Katika kabati la marehemu baba mdogo, tazama kama kuna sahani za kampuni ya Equator ya Nairobi. Daudi Kabaka alikuwa akipiga twist yetu miaka ileile ambayo vijana wa Tacoma walikuwa wakipasua spika, na "Helule Helule" yake ilirekodiwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. Ukiipata, isikilize kwa sindano hiyohiyo na kitufe hichohicho cha mono, kisha utuandikie hali ya mifuo na maandishi yaliyo kwenye lebo.