Tupeane uzoefu: siku orodha ya kipande chako ilipofungiwa mpaka ulipie

Gurudumu_Gitaru
Wadau, jana nilikuwa namwonyesha binamu yangu Strava, ile programu ya kurekodi safari za baiskeli. Ndiyo kwanza ameanza, kanunua baiskeli ya mtumba, ana hamu mpaka anaendesha usiku. Akafungua kipande cha kilima chetu, yaani ile sehemu ya barabara ambayo programu inapima muda wa kila anayeipita na kuwapanga kwenye orodha, akauliza, "Mbona wako kumi tu? Wengine wako wapi?" Nikakosa jibu.

Mnakumbuka Mei 2020. Nairobi imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, vizuizi Rironi, Ndenderu, Kiserian na Kitengela, kafyu kuanzia saa moja jioni. Mai Mahiu hufiki, Naivasha ndiyo usiseme. Safari za kikundi hakuna. Kila mtu anapanda vilima vya karibu na kwake, peke yake, kisha anarudi nyumbani kufungua orodha aone nani kapita pale leo. Ile orodha ndiyo ilikuwa kijiwe chetu. Nilikuwa wa 41. Wa 40 nilimjua, ni mwalimu wa sekondari. Wa 42 ni fundi anayenitengenezea baiskeli, na kila Jumatatu alikuwa ananipigia simu kuniambia sekunde ngapi zimebaki anipite.

Tarehe 18 mwezi huo tangazo likatoka. Kumi wa juu wanaonekana bure, waliobaki mpaka ulipie. Kutengeneza njia kwenye ramani nako kukafungwa. Fundi hakupiga simu Jumatatu iliyofuata. Angepiga kuniambia nini?

Sisemi kulipa ni dhambi. Linaloniuma ni kwamba kile kipande nilikichora mimi mwenyewe. Mwanzo wake niliuweka darajani, mwisho kwenye kibanda cha mama muuza ndizi, jina nikalitunga mimi. Wengine mlijaza muda wenu. Halafu tunauziwa ruhusa ya kuonana. Nyinyi ilikuwaje?

Tairi_Kipara
Umenigusa. Mimi nilikuwa wa 67 mahali, na nilikuwa naipenda ile 67 yangu.

Mama_Pedali_Nyali
Kwangu mimi orodha haikunishughulisha. Mimi ni mwanamke, naendesha peke yangu alfajiri Nyali hadi Mtwapa, siku nyingine mpaka Vipingo, na mume wangu alikuwa anataka kuniona nilipo kwenye simu yake. Ule uwezo wa kumwonyesha mtu mahali ulipo ulikuwa wa kulipia. Nilishangaa sana wakati ule, usalama wa mtu unawekewaje bei? Baadaye waliurudisha bure kwa wanaotumia simu, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo mmoja. Ila kabla ya hapo nilikuwa natumia WhatsApp, unamtumia mtu mahali ulipo kwa saa nane, bure, na inafanya kazi. Dada zangu mnaoendesha peke yenu, msingoje programu ya baiskeli.

Stesheni_Pugu
Mkuu Gurudumu, umesema kumi wa juu, na hiyo kumi ndiyo iliyonivunja mfupa. Sijawahi kuisimulia hii mahali popote. Niwieni radhi kwa urefu.

Sisi Dar hatukufungiwa ndani, tulikuwa tunaendesha kama kawaida. Wengi wetu Jumamosi tunakwenda Pugu, tunapanda mpaka Kisarawe, chai na chapati, tunarudi. Kwenye ule mteremko wa kurudi kuna kipande. Kabla ya mabadiliko nilikuwa wa 30 na kitu na nilikuwa nimetulia, maana kila mwezi naona nimepanda nafasi moja au mbili. Hiyo ilinitosha. Orodha ilipokatwa nikawa sionekani. Unashuka kwa juhudi zote, unafungua simu, unaona majina kumi ya watu wengine na muda wako chini, hujui uko wapi. Likaniingia kichwani kwamba ama niwe ndani ya kumi, ama mimi si mpanda baiskeli.

Basi Jumamosi moja niliwaacha wenzangu kwenye chai. Saa mbili asubuhi, barabara kavu, upepo unasukuma kwa nyuma. Nikalala juu ya usukani. Kona ya kwanza sikugusa breki. Ya pili, mbele yangu, mtu wa mkaa.

Mnawajua. Baiskeli ya chuma, magunia matatu, moja limesimama na mawili yamelala, na mwenyewe anashuka polepole akisaidia breki kwa kandambili. Alikuwa upande wake kabisa, hakuwa na kosa hata moja. Lori linapanda upande wa pili. Nikachagua mtaro.

Nilisikia mfupa wa mtulinga ukilia kama kijiti. Helmeti ilipasuka vipande viwili. Nilipofumbua macho, yule bwana alikuwa ameilaza baiskeli yake na magunia yote barabarani, mkaa umemwagika, na yeye amepiga magoti ameshika kichwa changu kwa mikono miwili ananiambia, "Usiinuke, kaka, usiinuke." Akasimamisha bajaji. Akanifunga mkono kwa ile mipira ya kufungia magunia. Alikataa pesa, nilikuwa na elfu kumi tu mfukoni, akasema nitaihitaji huko niendako.

Sikumuuliza jina. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Ule mkaa uliomwagika ulikuwa chakula cha wanawe.

Mama_Pedali_Nyali
Nimelia. Pole sana, mwanangu. Mungu amlipe huyo baba.

Mnyororo_Mrefu
Pole mkuu. Samahani kuuliza, ila kifaa kilikuwa kinaendelea kurekodi?

Stesheni_Pugu
Kiliendelea. Kilirekodi mpaka hospitali, ndani ya bajaji. Nilipofika nyumbani nikaona nimepewa pongezi na watu kumi na wanane kwa "safari nzuri". Niliifuta palepale.

Hesabu_Wazi
Pole ndugu, na nasema pole kwa dhati. Lakini tusichanganye mambo. Hakuna programu iliyokuambia ushuke bila breki. Kipande cha mteremko kikiwa cha hatari kinaweza kuripotiwa, na orodha yake inaondolewa. Je, kuna yeyote kati yenu wa Dar aliyekiripoti?

Na kuhusu kulipa: kampuni ilianza 2009. Mwaka 2020, kwenye ile barua ya mabadiliko, waanzilishi waliandika wazi kwamba bado hawajapata faida. Miaka kumi na moja! Mitambo inayohifadhi safari zenu tangu mwanzo inalipiwa umeme na mtu. Mimi nalipa, mwaka ule ilikuwa dola 60 hivi kwa mwaka, na silalamiki. Hapa watu wananunua tairi la mbele kwa bei hiyo bila kufikiri mara mbili.

Gurudumu_Gitaru
Mzee wangu Hesabu, nakuheshimu, ila dola 60 mwaka ule ilikuwa zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya. Fundi wangu, yule wa 42, alikuwa na wiki tatu hajapata mteja. Tairi analolivaa lilikuwa la mtu mwingine alilolitupa. Ukimwambia anunue tairi jipya kwa hiyo pesa, humjui.

Hesabu_Wazi
Basi tatizo ni corona, si programu. Tuseme ukweli.

Tairi_Kipara
Tatizo ni yote mawili. Na hata mwenye pesa alikuwa anazilipa vipi? Kadi ya benki nani alikuwa nayo? Siku hizi angalau M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni.

Ramani_Tandale
Niingie hapa kwa Hesabu. Umesema nani analipia umeme. Sawa. Na ramani nani alichora?

Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi hapa Dar, mradi wa Ramani Huria ulipoanza. Tulipita Tandale uchochoro kwa uchochoro, mguu kwa mguu, tunachora nyumba, mitaro na vijia, ili mafuriko yakija watu wajue maji yatapita wapi. Wajumbe wa nyumba kumi ndio waliotuonyesha mipaka. Vyote tuliviingiza OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuitumia. Nairobi wenzetu walianza mapema zaidi, Kibera, 2009.

Leo programu nyingi za kutengeneza njia za baiskeli zimejengwa juu ya ramani hiyo. Ni halali kabisa, ruhusa ipo, na sidai hata senti. Lakini siku ile nilipobonyeza "tengeneza njia" nikaambiwa nilipie, na chini yake naona kile kichochoro nilichokichora mwenyewe nikiwa nimelowa matope mpaka magotini, nilikaa kimya muda mrefu. Kwa hiyo Gurudumu namwelewa. Hasira yake haiko kwenye shilingi.

Hesabu_Wazi
Hilo sikuwa nimelifikiria. Nalikubali.

Ila bado nalipa.

Mswahili_Maskati
Assalam alaykum kutoka Oman. Huku miezi ya joto tunatoka saa kumi alfajiri, ukichelewa jua linakushusha. Mimi nililipa mwaka wa kwanza nikaacha. Sababu: ule mlima wa Bousher kwenda Al Amerat wamepita wale wanaolipwa kuendesha baiskeli, wakati wa mashindano ya Oman. Orodha hata ikiwa wazi yote, juu wamejaa wao. Nikaona nalipia kutazama watu nisiowajua. Muda wangu mwenyewe naandika kwenye kalenda ya jikoni, mke wangu ananisaidia kulinganisha.

Mnyororo_Mrefu
Ushauri wangu kwa binamu: asilipe. Kurekodi ni bure, na safari zake anaweza kuzipakua zote kama faili za GPX, zile zinazoweka njia uliyopita, azihifadhi mwenyewe.

Spoki_Tatu
Ushauri wangu: alipe mwezi mmoja tu, atazame kila kitu, kisha aache.

Jua_Kali_Arusha
Asirekodi kabisa miezi sita ya mwanzo. Ajifunze kusikiliza miguu. Na akianza kurekodi, kabla ya yote afiche sehemu ya nyumbani kwake. Jirani yangu aliibiwa baiskeli mbili, na kila asubuhi ramani yake ilikuwa inaanzia getini. Mwaka 2018 ramani ya namna hiyo ilionyesha mpaka kambi za jeshi, sembuse geti lako.

Spoki_Tatu
Jua_Kali, ungejuaje kwamba mwizi aliona ramani? Wezi wetu wanatumia macho.

Jua_Kali_Arusha
Ficha tu, ndugu yangu. Kuficha ni bure.

Tairi_Kipara
Kuna mpango wa familia pia. Watu wanne mnagawana. Sisi wanne wa Jumapili tumekula pamoja miaka saba, tumezikiana wazazi, kama hiyo si familia sijui ni nini.

Hesabu_Wazi
Soma masharti kwanza.

Kandambili
Naomba nirudi kwa Stesheni_Pugu, maana nimeshindwa kusoma mengine. Baba yangu alibeba mkaa kutoka Kisarawe miaka kumi na minne. Alikuwa anaondoka saa nane usiku. Ule mteremko kwao hauna jina la kipande, wanauita kwa majina ya waliokufa pale. Gunia moja likipasuka, faida ya siku imekwenda. Watu wenye nguo za kubana wakiwapita kwa kasi, baba alikuwa anasema tu, "Hao wanakimbilia chai." Hakuwa anawachukia.

Kama hukumuuliza jina, nenda ukaulize. Wanapumzika chini ya kile kilima, upande wa Pugu, wanajuana wote. Sema siku, sema bajaji. Mtu hamsahau aliyemshika kichwa.

Stesheni_Pugu
Kandambili, nimesoma mara tatu. Hivi kweli wanaweza kukumbuka? Ni miaka imepita.

Kandambili
Baba yangu anakumbuka kila aliyewahi kumsaidia kusukuma, na kila aliyemgonga. Nenda na gunia moja, si pesa. Pesa atakataa tena.

Mama_Pedali_Nyali
Nenda, mwanangu.

Gurudumu_Gitaru
Nilifungua uzi kwa ajili ya orodha, na sijutii ulikofika. Niwaambie tu kilichotokea kwetu baada ya 2020, kisha niwaachie Dar.

Vizuizi vilipoondolewa Julai, fundi alinunua daftari la kurasa 96, akalitundika kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda chake. Ukimaliza kilima unasimama, unaandika jina na muda wako. Tuligombana sana mwanzoni, kuna waliosimamisha saa kabla ya kufika juu, wengine wakidai upepo uhesabiwe. Mwalimu akapendekeza aandike mwingine, aliyekuona. Ikawa lazima mpande wawili. Sasa liko daftari la tatu. Mimi mle ndani ni wa 19, fundi wa 18.

Mnyororo_Mrefu
Kwa hiyo alikupita!

Gurudumu_Gitaru
Sekunde nne. Alinipigia simu Jumatatu.

Tairi_Kipara
Na binamu?

Gurudumu_Gitaru
Anapanda keshokutwa. Mimi ndiye nitakayemwandikia.

Stesheni_Pugu
Kandambili, nimekutumia ujumbe faragha. Jumamosi natoka saa kumi na moja alfajiri. Kama baba yako anaweza kwenda, nitampitia kwa gari, baiskeli nitaiacha nyumbani.

Kandambili
Anasema leta baiskeli. Anataka kuiona.