Jicho liliungua na chokaa, daktari anataka kunyofoa kipande kwenye jicho lililo zima. Nikubali?

Wakuu naombeni ushauri, silali. Miezi nane iliyopita chokaa ilinirukia jicho la kulia nikasuuza maji kidogo tu nikaona imetosha (kosa langu hilo), toka hapo linachubuka linapona linachubuka tena, sasa limeota utando wenye mishipa ya damu naona ukungu tupu. Mi nilijua watanibadilishia kioo cha jicho (konea, ile sehemu angavu ya mbele) yaishe, daktari kasema hicho peke yake hakitashika, anataka achukue kipande jicho la kushoto apandikize huku. Hili nalo likiharibika je??

mama_wawili: Usikubali! Jicho zima haliguswi.

Mtu_wa_Maabara: Pole sana ndugu. Chokaa ni mbaya kuliko asidi nyingi maana haiishii juu, inazama, ndo maana unamwagia maji nusu saa nzima kabla ya lolote. Daktari wako yuko sawa. Ule utando laini wa juu ya kioo cha jicho unajiotesha upya kila siku, na mbegu zake ni seli shina zilizopo pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Zako zimeungua, kwa hiyo weupe unavamia shamba lisilo na mwenyewe. Ukiwekewa kioo kipya leo hakuna cha kukifunika.

chongo_zamani: mama_wawili acha kutisha watu, mi nimefanyiwa. Kipande chenyewe kama milimita 2 kwa 2, kikakatwakatwa vidogo vikabandikwa juu ya utando wa kondo la nyuma (la mama aliyejifungua), njia hiyo madaktari wa India waliichapisha 2012. Jicho lililotoa lilikuwa jekundu siku kadhaa basi.

Mtu_wa_Maabara: Na Italia watafiti Pellegrini na De Luca walishaotesha hizo seli maabara wakachapisha 1997, Ulaya ikaidhinisha tiba ya hivyo 2015, inaitwa Holoclar.

Mleta uzi: Kwa hiyo nikitoka tu naona?

chongo_zamani: Weee, ni miezi. Uso wa jicho utulie kwanza, kama kovu limezama ndo baadaye wanabadilisha kioo na safari hiyo kina pa kushika. Halafu usijinunulie matone ya ganzi hata liume vipi, yanazuia kidonda kufunga.

Mtu_wa_Maabara: Swali moja, la kushoto halikurukiwa siku ile? Lazima wapime mpaka wake wote wa weusi na weupe kabla ya kukata.

Mleta uzi: Duh. Lilirukiwa kidogo, na hakuna aliyeniuliza. Jumatatu namwambia kabla sijasaini.