Nihame mtandao au niongeze laini ya pili?

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, nauza samaki. Laini yangu ninayo mwaka wa tisa, wateja wa Muheza na Korogwe wote wanaijua. Shida nikishuka soko la samaki la Deep Sea alfajiri, mtandao unabaki kijiti kimoja. Juzi mteja katuma hela ya changu, meseji ya muamala ikaingia saa 3, samaki kashaondoka na mtu mwingine. Jirani yangu wa meza, mtandao tofauti, anapiga stori na kucheka!

Najua tangu 2017 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inaruhusu kuhama na namba yako. Aliyewahi kuhama: hela iliyomo kwenye simu niitoe kwanza? Au ninunue tu kitochi cha laini mbili? Ila vifurushi viwili navyo, mmh.