Mrejesho: Msimbo wa hitilafu P0135 baada ya kubadilisha ekzosi

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Niliuliza kwa nini taa ya injini ya Corolla yangu, iliyofungwa hedasi (mabomba maalumu ya ekzosi) na kuondolewa katalaiti (kisafisha moshi), iliwaka kwa P0135, yaani hitilafu kwenye umeme wa hita, kipasha joto kilicho ndani ya sensa ya oksijeni ya mbele, na haikuzimika hata baada ya kununua sensa mpya, na ninawashukuru wote mlionijibu.

Fyuzi ya hita ilikuwa nzima. Aliyenishauri nipime kabla ya kununua chochote tena ndiye aliyenifaa zaidi: kati ya nyaya mbili nyeusi za hita mita ilisoma omu 13 sensa ikiwa baridi, yaani hita yenyewe ni nzima, na kwenye plagi, swichi ikiwa imewashwa, umeme wa betri ulifika bila upungufu. Kwa hiyo tukaufuata waya wa pili, ule ambao kompyuta ya gari huuunganisha na ardhi ili hita ifanye kazi, na fundi wa Changamwe akaukuta umelalia hedasi, ganda limeyeyuka na shaba imekatika, ncha zake zikiwa za kijani kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani. Aliunganisha kipande kipya kwa kulehemu kwa risasi, akakivalisha soksi ya nyuzi za kioo, kisha akakifunga mbali na joto.

P0135 haijarudi. Hata hivyo taa bado huwaka kwa P0420, inayolalamikia katalaiti ambayo haipo. Kipande cha kuisogeza nje sensa ya nyuma, ile inayoikagua katalaiti, mlichokipendekeza, nilikijaribu bila mafanikio, na sasa natafuta katalaiti ya kurudisha.