Tuliougua sonona (depresheni) baada ya kujifungua: msaidizi wa mtoto mlimpataje? Tupeane uzoefu

Mama Pacha (mleta mada): Wakuu, kuna mtu kaandika "si utafute tu dada wa kazi upumzike", nikacheka peke yangu. Kumtafuta dada kunataka akili: upige simu, uulizie alikotoka, umhoji, umwelekeze. Mimi kipindi kile nilishindwa hata kuamua nivae nini. Sasa nina mimba tena, naogopa. Mliopita huko, mlimpataje mtu na mlimwambia nini kuhusu hali yenu? Wale wa "omba tu" karibuni, ila njooni na namba ya dada.

Nyota Njema: Umenitonesha. Dada wangu alikuwa mzuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtoto akilia, kashambeba kabla sijainuka. Kuogesha, kashamaliza. Kila mgeni ananiambia nina bahati. Mimi nimelala natazama ukuta, usingizi hauji, najiambia mtoto keshapata mama anayefaa, mimi nabaki wa kazi gani? Kuna siku nilijifungia bafuni nikafungulia maji nilie nisisikike. Huko nje anambembeleza mwanangu, na mtoto katulia tuli. Kule kutulia kuliniuma kuliko kilio. Yule binti sikumchukia, nilijichukia mwenyewe.
Kliniki ya chanjo nesi akanipa ile karatasi ya maswali 10. La mwisho linauliza kama umefikiria kujidhuru. Nikaweka alama kwenye "mara chache sana". Akaacha kila kitu, akafunga mlango, akakaa. Nikaanza dawa na kuonana na mshauri. Nyumbani tukagawana upya: dada nguo, usafi na zamu moja ya usiku. Kuogesha ni mimi, hata kama naogesha huku nalia.

Kidoti: Hilo la kuogesha naunga mkono.

Kauli Thabiti: Mama zetu walizaa kumi bila dada wala sonona. Kizazi cha simu hiki.

Shangazi Mkali: Mama yako alikuwa na wadogo zake, mashemeji na majirani. Na waliougua hukuambiwa, ulikuwa mtoto.

Kauli Thabiti: Nimetoa maoni tu, jazba ya nini?

Shangazi Mkali: Hayo maoni kambembelezee mtoto saa nane usiku.

Baba Wawili: Acheni ubishi. Mke wangu alipojifungua wa pili, siku chache tu akaacha kulala kabisa, na hachoki. Usiku wa manane anapanga kabati, anaongea mbiombio. Ndugu wanafurahi, jamani mama ana nguvu! Dada ndiye aliyenifuata nje: "Baba, mama anasema mtoto amebadilishwa. Na anaongea na mtu ambaye mimi simwoni." Wakubwa nyumbani wakasema uchovu. Yule binti hakukubali, akamfunga mtoto mgongoni, hakumshusha mpaka tunaondoka kwenda hospitali. Mke wangu akalazwa hapohapo. Saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone, asikie au aamini yasiyokuwepo. Daktari akasema huwapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, na ni dharura, haingoji kesho. Alipona. Sasa yuko kazini na lile kabati tunalitania.

Kidoti: Mungu wangu.

Tausi: Huyo dada bado yuko?

Baba Wawili: Yuko, mshahara ulishapanda, msijisumbue.

Mama K: Mmenitisha. Mimi zinanijia picha namwangusha mtoto kwenye ngazi. Natetemeka, ngazi zenyewe siku hizi sipiti nimembeba. Ndiyo hiyo?

Mkunga Mstaafu: Pole binti yangu. Picha zinazokutisha na unazozikimbia huja sana na wasiwasi wa baada ya uzazi, wengi wanazo hawasemi. Wa saikosisi mara nyingi anaamini kabisa anachokiona. Mwone daktari wiki hii hata hivyo. Ukianza kusikia sauti, au usingizi ukikataa kabisa hata mtoto akiwa kwa mtu mwingine, ni hospitali usiku huohuo.
Mleta mada, majonzi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo usisubiri, na sonona huweza kuanza wakati wowote mwaka wa kwanza. Kwa kuwa ulishaugua, waambie kliniki sasa, ukiwa bado mjamzito. Msaidizi naye, kabla ya usafi wowote, akupe saa nne au tano za kulala mfululizo.

Tausi: Ila dada usimwambie unaumwa. Mtaa mzima utajua.

Binti Mchapakazi: Mimi ndiye dada mnayemjadili. Tuambieni! Bosi wangu alikuwa hanisemeshi, nikajua kanichukia, nikafunga mizigo. Mume wake ndiye aliyenieleza nikiwa mlangoni, nikarudi ndani. Niachieni na namba ya ndugu wa kumpigia mama akizidiwa. Na ukinipa zamu ya usiku, alfajiri usiniamshe kufua, mimi pia ni mtu.

Mama Pacha: Asanteni. Kliniki nitasema. Dada tunamtafuta kabla sijajifungua, na wa kuhoji ni mume wangu.

Shangazi Mkali: Mumeo atauliza kama anajua kupika, basi. Mpe ndugu yako wa kike ahoji, wewe kaa pembeni uangalie anavyomshika mtoto.